Papa Lucien na Wavushaji wa Mto

Papa Lucien wangu,

Hapa Kabondo, mtaani kwetu Kisangani, mvua inanyesha tangu asubuhi. Vijana wa toleka, wabeba abiria, wamejibanza na baiskeli zao kwenye kibaraza chetu, wanangoja mvua ikatike. Niko peke yangu kwenye meza uliyokuwa ukichorea madaraja yako. Najua umelala huko Ufaransa, mwaka wa pili sasa, lakini nakuandikia hivyo hivyo.

Ulipoingia maishani mwetu nilikuwa naanza sekondari, na sikukupenda. Baba aliyenizaa alifariki nikiwa mdogo, Mama aliuza vitenge sokoni, na tulizoea kuwa wawili. Ukaja kununua kitenge. Kesho yake ukarudi kununua kingine, na keshokutwa tena, mpaka mama wa meza ya jirani akauliza, "Huyu muzungu iko anashonea nani?" Ulipokuja nyumbani mara ya kwanza nilikuita Monsieur, nikakuambia kiti kile ni cha Mama. Ukasema "bon", ukakaa sakafuni, ukala lituma yako, ndizi za kupondwa, hapo chini kama vile ndivyo mlivyokaa kwenu.

Sikujua wakati ule kwamba ulikuwa injinia mwenye jina. Ulijenga madaraja ya barabara kuu juu ya mabonde ya Ufaransa, ukajenga mengine katika nchi ambazo nilizisoma tu kwenye jiografia. Ndoa yako ya kwanza ilivunjika kwa sababu, ulituambia, kila daraja lilikutaka wiki nzima na nyumbani ulipeleka Jumapili tu. Ulifika Kisangani ukiwa na mvi, umetumwa na kampuni yako kujenga daraja moja kwenye barabara ya Bafwasende. Daraja la zamani lilikuwa limeanguka, na watu na pikipiki zao walivushwa kwa mitumbwi.

Likizo iliyofuata ulituchukua huko, Mama akawapikie mafundi. Tulikuta kazi imesimama. Wavushaji walikuwa wamepanga mitumbwi yao pale ambapo nguzo ya kwanza ingesimikwa, na wao wenyewe wamekaa ndani. Mkubwa wao, Papa Alimasi, alikuambia bila kupandisha sauti:

"Daraja iko muzuri kwa benye magari. Sisi tunakulaka na huu muto. Ukimaliza kujenga, tutakula nini?"

Kiongozi mmoja aliyefuatana nawe akasema ataita polisi. Ulimwomba asubiri. Ukavua viatu, ukaingia majini, ukaenda kukaa kwenye ukingo wa mtumbwi wa mzee. Mimi na Mama tulikuwa karibu, tunamenya ndizi, tukasikia yote.

"Papa yangu alikuwa anavusha batu," ulisema. "Kama ninyi. Na chombo ya mbao, anavuta kamba. Daraja ikakuja, kazi yake ikaisha. Mimi nilikuwa mutoto, nilifurahi sana kuona ile daraja. Yeye alikaa mulangoni, mikono kwa magoti. Mupaka anakufa, hakuvuka juu yake hata siku moja."

"Na weye ukaenda kujifunza kujenga madaraja?" mzee akauliza.

"Ndiyo."

"Papa alisema nini?"

"Hakusema kitu."

 Mzee akasogea, akakupisha ukae vizuri. Mama alikuwa ameacha kumenya. Na yeye alikuwa hajawahi kuisikia habari ile.

Uliiandikia kampuni kwamba wavushaji waajiriwe, kwanza kwenye ujenzi, halafu kulinda na kutunza daraja likishakamilika. Wakajibu kwamba hilo halimo kwenye mkataba, uendelee na kazi. Ukawaambia huendelei. Wakati huohuo walikuwa wamekuahidi daraja kubwa kwenu, la kumalizia kazi yako ya maisha, na Mama alilijua. Nakumbuka alivyokuomba pale uani: "Lucien, usijiharibie kwa ajili yetu."

"Si kwa ajili yenu, Feza," ulimjibu. "Hii iko ya papa yangu."

Walikuondoa. Wakamleta injinia mwingine, kijana mwenye adabu, na wavushaji wakamwambia maneno yaleyale uliyoyaandika wewe. Hawakutoka majini. Mwishowe kampuni ilikubali, na daraja likajengwa kwa michoro yako.

Siku ya kulizindua tulisimama nyuma kabisa, kati ya akina mama wenye mikungu ya makemba, ndizi za kupika. Walitaja majina mengi; lako halikutajwa. Nilikuwa na hasira.

"Monsieur, haikuumi?"

"Inaniuma," ulisema. "Lakini angalia pale."

Watoto wa Papa Alimasi walikuwa kwenye mwanzo wa daraja, wamevaa fulana za kazi, wanapanga watu wapite vizuri. Mzee mwenyewe alikuwa mtumbwini, anavusha wachache waliopenda kuvuka naye. Ukaniacha na Mama tupite juu, wewe ukashuka kupanda naye. Nilikuinamia kutoka juu nikaita, "Papa, shikilia kofia!" Neno lilinitoka tu. Uliinua uso, ukashikilia kofia, ukajibu "Ndiyo", kana kwamba nilikuwa nikikuita hivyo siku zote.

Baada ya hapo hakuna kampuni iliyokutaka. Ukajenga vivuko vya miguu juu ya makorongo ya Kabondo ili watoto wasikose shule mvua ikinyesha, na madaraja ya magogo njia ya Ubundu, ya baiskeli na pikipiki. Uliyachora kwa uangalifu uleule. Niliwahi kukuuliza kama hujutii lile kubwa la kwenu. Ulisema wakati mwingine ndiyo, asubuhi. Nilipenda kwamba hukunidanganya.

Kisha moyo ukaanza kukusumbua, dada yako akaja kukuchukua ukatibiwe. Kwenye uwanja wa ndege ulituambia utarudi kabla ya Krismasi. Ulipofariki, Mama alinyimwa viza. Tulikaa matanga hapa bila mwili, na watu hawakujua waelekee wapi wanapolia. Papa Alimasi alikuja, ameshikwa mkono na wanawe. Alikaa kando ya Mama kutwa nzima.

Viza ilipatikana mwezi uliopita. Dada yako alimpokea Mama, akampeleka kijijini kwenu, ulikozikwa. Jana Mama alinipigia simu.

"Niko hapa kwa papa yako," alisema. "Nitaweka simu chini, kwa majani. Zungumza naye."

Nikasikia simu ikiguswa na nyasi, kisha upepo, kisha ndege nisiyemjua. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Mama alisubiri, hakuniharakisha. Alipoichukua simu tena alisema, "Si kitu. Amesikia."

Lakini mimi sijaridhika, ndiyo sababu ya barua hii. Nilichotaka kukuambia ni kidogo tu, Papa. Tuko wazima. Mama ameweza kuweka mkono wake juu yako, na jana jioni, aliniambia, alikula vizuri. Pumzika.

Mimi mwanao,
Sifa