Upanga Uliotundikwa Pamoja na Migebuka

Baba Shabani, nakusalimu huku mikono ikinuka samaki.

Kijana wetu Shabani ndiye anayetunza silaha za kale za tajiri mmoja hapa Ujiji, na wageni wanamwita bwana. Juzi nilikuta chumbani kwake upanga wa tajiri wenye mpini wa shaba, nakshi za maua tele, umefubaa kama sufuria ya mvivu. Nikausugua kwa majivu na ndimu mpaka ukang'aa. Shabani akashika kichwa: "Mama, tajiri atasema nimeubadilisha na wa sokoni. Kazi sina."

Basi nikautundika jikoni, juu ya moshi, pamoja na samaki wangu wa migebuka, ufubae tena. Leo tajiri kaunusa, akatabasamu: "Ukale una harufu yake."

Watangazie majirani, mwanao bado bwana. Migebuka nakuletea. Ina ladha ya shaba kidogo, lakini wewe ule tu, mume wangu.

Mama Shabani