Benchi la Karibu na Mlango

Mama Upendo wangu,

Leo nakuandikia nikiwa nimelikalia benchi lako. Lipo hapa barazani kwetu Yombo, chini ya dirisha la jikoni, na mguu wake mmoja bado ni mfupi kama ulivyouacha. Linapotikisika nageuka, nikidhani ni wewe umekaa. Siku hizi sijui vizuri nimelala saa ngapi na nimeamka saa ngapi. Dawa za moyo zinanipeleka na kunirudisha. Mchana kwaya ikifanya mazoezi, sauti zinapita juu ya mabati, zinaingia sebuleni, nawe unazifuata na kitenge chako cha bluu, ukitafuta miwani iliyo kichwani mwako. Sikuambii iliko. Nikikuambia, utaondoka.

Nina jambo la kukiri kabla sijakufuata. Ulipokuwa mgonjwa ulinishika mkono huu wa chaki ukaniambia, "Baba Upendo, mkikaa baraza la wazee, sema lile benchi liondoke." Nikajibu nitasema. Ukalala ukiniamini. Sikusema, mke wangu. Kikao baada ya kikao, nilikunywa chai yao nikanyamaza.

Benchi unalijua, lakini nalieleza kwa sababu mwanetu ndiye atakayeikuta barua hii. Kanisani, nyuma kabisa, walikaa pale waliotengwa: binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, kijana aliyeishi na mwenzake bila kufunga ndoa. Hawakukaribia Meza ya Bwana mpaka waitwe mbele, wasimame wakiutazama usharika wote, waulizwe, wajibu, ndipo warudishwe kundini. Aliyewaita ni mie, mzee wa kanisa mwenye sauti ya darasani. Niliwaita kama ninaita mahudhurio. Wewe, mwenyekiti wa kina mama, uliacha kiti chako cha mbele ukaenda kukaa nao, upande wa mlango. Watu walisema unapenda upepo. Nilipokuuliza njiani ulinijibu, "Huku nyuma nasikia vizuri zaidi." Nikacheka. Nilidhani unatania.

Kwa nini nilinyamaza? Nilimwogopa Mzee Elinami kuliko nilivyomwogopa Mungu, nadhani. Unamjua mwenzangu yule wa baraza, mstaafu wa bandarini, anavyoweza kukutazama mpaka ukasahau ulichotaka kusema.

Umeondoka na mambo yamebadilika. Tangu ule ugonjwa uliowafanya watu waogope kukusanyika, kanisa lina kamera. Ibada inakwenda mubashara kwenye simu. Upendo anaitazama huko Mwanza huku anapika, kisha ananipigia kuniambia nilisinzia wakati wa mahubiri. Mimi nililipenda jambo hilo. Wagonjwa wanapata neno, walio safarini wanaimba nasi. Hatukuwaza kwamba kamera inatazama kila kitu.

Ndipo akasimama mbele Neema, yule binti mwembamba uliyemfundisha kushona. Alijibu maswali yake vizuri, akalia kidogo, akarudishwa kundini. Kabla ya Jumatano mtu alikuwa amekikata kile kipande cha video, akakiwekea muziki wa kuchekesha. Kilizunguka Temeke nzima, kikavuka mpaka Msasani, kwenye hoteli alikokuwa akihudumu mezani. Neema akahamia Tegeta na hakukanyaga tena kanisa lolote. Na sauti inayosikika ikimwita kwa majina yake yote ni yangu. Nimeisikiliza. Ni sauti nzuri, Mama Upendo, safi, haina shaka hata kidogo.

Mchungaji wetu wa sasa ni kijana, anavaa raba chini ya joho akidhani hatuoni. Akalileta jambo hilo kwenye baraza la wazee. Akaomba kwa upole kwamba anayetubu azungumze naye ofisini, akiwa na mtu mmoja au wawili aliowachagua mwenyewe, na benchi liondoke. Mzee Elinami akasema, "Mchungaji, kamera ina swichi. Izimeni wakati ule, ishu imekwisha. Kanisa lisilo na adabu lina tofauti gani na kijiwe?" Wengine wakaguna. Mama mmoja akasema vijana wanakimbilia kwenye mahema ya manabii kwa kuwa kule hakuna anayewauliza walilala wapi. Elinami akamjibu kuwa kule wanaulizwa wana shilingi ngapi. Tukacheka, maana alisema kweli. Kisha Mchungaji akanitazama mie. Wote wakanitazama.

Nikaomba maji ya kunywa.

Ikaamuliwa kamera izimwe, benchi libaki.

Usiku ule ulinijia ndotoni. Benchi lilikuwa Pugu, katikati ya miti, majani yakiangukia mapajani mwa watu polepole kama yana muda wote duniani. Mlikaa wengi, na nyuso nilizijua: kila niliyewahi kumwita. Hakuna aliyenigeukia. Nikaita jina lako kwa sauti ya mahudhurio. Ukajibu, "Nipo," lakini hukugeuka.

Jumapili ilikuwa zamu ya Tumaini, yule wa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Mtoto wake alikuwa amelala mgongoni mwake. Kamera ikazimwa. Nikasaidiwa kupanda hadi kwenye kipaza sauti, nikamwona kule nyuma anakaza kitambaa chake kichwani, tayari kusimama. Nikavuta pumzi.

Nikaita jina langu.

Nilidhani nitaeleza kitu. Nilikuwa nimeandaa maneno, hata mstari wa Biblia. Yote yalitoka kichwani kama maji. Nikashika fimbo nikateremka. Ile njia ya katikati ilirefuka, Mama Upendo, ikawa ndefu kama siku ya harusi yetu, na mwanga wa madirisha ulilala sakafuni vipande vipande, nami nikivikanyaga kimoja kimoja. Nilipofika, Tumaini alisogea, kisha akasita. Akaninong'oneza, "Shikamoo babu. Hapo alikuwa anakaa bibi."

"Najua, mjukuu wangu. Nimekuja kukaa."

Nikakaa. Na nakwambia kweli, huko nyuma mtu anasikia vizuri zaidi. Nilisikia pumzi ya yule binti. Nilisikia mtoto akinyonya kidole.

Mchungaji alichukua kitabu cha sala madhabahuni. Kisha akashuka na raba zake, akaja hadi mlangoni, akakifungua pale pale. Watu wakabaki wamempa mgongo. Wakaanza kugeuka, mmoja, familia, safu nzima, mabenchi yakilia, mpaka nyuma ikawa mbele. Tulisali sala ya toba sote kwa pamoja. Hakuna aliyeitwa.

Kumbe mtu alikuwa akirekodi kwa simu. Nami nimezunguka Temeke. Wengine wameandika kwamba babu amechanganyikiwa, na huenda hawajakosea sana. Lakini kikao kilichofuata nilisema. Nilisema ni wewe uliyenituma, na kwamba nilikuwa nimechelewa. Ombi la Mchungaji likapita, kwa tabu. Elinami alikataa mpaka mwisho.

Juzi nikasikia guta la mizigo likigonga geti. Alikuwa yeye, ana jasho, amelipakia benchi. Akaliteremsha na kijana wa guta, akaliweka hapa, akalitikisa. "Mwalimu, ulilitaka, haya lichukue. Ila mie bado sijakubali." Nikamwambia akae tunywe chai. Akakaa. Alipoondoka alikuwa amekunja karatasi akaiweka chini ya ule mguu mfupi. Nimeitoa. Nataka litikisike.

Neema nilimpigia. Nilimwomba radhi. Nilisikia watoto wakicheza kwake, kisha akasema, "Asante babu. Nitaangalia." Hakusema atakuja, na sikumwuliza tena. Nakuahidi nitaendelea kumpigia maadamu nina pumzi, nimwulize tu habari za cherehani na watoto. Nikishindwa, Upendo, umpigie wewe. Mwite Neema tu, taratibu, kama mama yako alivyomwita.

Kwaya wameanza tena. Tumaini anaimba, namtambua. Kitenge chako kimepita mlangoni sasa hivi.

Kwaheri kwa leo, mke wangu. Siku nitakapokuja, usisimame kunipokea, na usiniite. Sogea kidogo tu.

Wako,
Baba Upendo