Mashoto Mwenye Sikio la Pengo

Jumapili, 5 Februari 2012

Getini tangu saa kumi na mbili asubuhi. Magari thelathini na moja kabla ya saa mbili. Naingiza kioo cha fimbo chini ya gari, natazama masizi, natoa. Linalofuata. Miaka miwili ya ulinzi hapa Al Thumama, ughaibuni, na chini ya magari ya watu sijawahi kuona kitu zaidi ya paka.

Saa nne Mzee Walter akaja na kiti chake cha kukunja na laptopu. Mmarekani wa nyumba namba tisa, baba yake Madam Carol anayefundisha chuo. Miaka sabini na saba, mbishi kama mimi. Saa hizo wakazi wote wako makazini, geti limelala. Basi tunamtafuta baba yake Mzee, kwenye picha. Wiki ya tatu sasa.

Niandike vizuri, maana nikija kusoma haya uzeeni nitajiona mwehu. Kuna maktaba ya umma huko Amerika imeweka picha za kale mtandaoni, maelfu, bure. Atakaye aangalie, atakaye achukue. Zilipigwa kwenye vipande vya kioo, zamani hizo filamu hazijaenea. Zimejaa wachezaji wa besiboli: wanaume wenye soksi ndefu na magongo, wamenuna wote kama wamenyimwa chakula. Wengi hawana majina. Chini ya picha watu huandika, huyu ni babu yangu, huyu ni fulani.

Baba yake Mzee, Edwin, alicheza misimu miwili katika klabu ndogo, kofia zao zina herufi T. Nyumba yao iliungua na picha zote. Mzee hana hata moja. Ana alama mbili tu za kunipa: baba alikuwa mashoto, na sikio lake la kushoto lina pengo juu, mbwa alimng'ata utotoni.

Mzee mwenyewe macho yana ukungu. Jicho la kulia limeshakufa, la kushoto linafuata. Anataka auone uso wa baba yake kabla halijazima. Ndiyo hivyo. Mimi natazama, yeye anauliza. Namba za picha tulizokwisha kupitia naandika nyuma ya daftari hili tusirudie.

Leo picha ishirini na mbili. Hakuna.

Jumatatu, 6 Februari

Upepo wa vumbi. Meno yanasaga mchanga.

Leo moyo uliniruka. Kofia ya T, kijana kasimama mbele ya uzio, sikio lina pengo! Nikapiga kelele mpaka Mzee akashtuka. Akauliza, sikio lipi? Nikatazama vizuri. La kulia. Akauliza, glavu ya kudakia iko mkono gani? Wa kushoto. Basi anarusha kwa kulia. Akasema si yeye, pita.

Nilimsikitikia. Mimi mwenyewe nilijisikia vibaya kuliko nilivyotegemea. Nikajichekesha kwa sweta la yule kijana. La vifungo, na kalifunga upande wa kike! Mama ni fundi cherehani pale kwetu Ngamiani, upande wa kiume na upande wa kike niliujua kabla ya alifu na be. Kaazima sweta la dada yake, maskini.

Namba 4417. Siyo.

Jumanne, 7 Februari

Siku mbaya. Nimefanya jambo la kijinga.

Mzee alichelewa. Alipokuja aligonga kiti chake mwenyewe kwa goti. Jana jioni yeye na Madam Carol walikwenda kwa daktari wa macho. Watampasua jicho la kushoto Alhamisi asubuhi. Daktari hakuficha: wasipopasua linakufa, na wakipasua bado laweza kufa. Kwa hiyo ana leo na kesho. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa.

Tukapekua haraka haraka. Saa tano na robo nikakuta kundi la watu tisa, kofia za T. Mmoja mashoto kweli, mpira uko mkono wa kushoto. Masikio yamefunikwa na kofia. Mzee akauliza mara tatu, vipi, vipi, sikio? Uso wake uko karibu na wangu, jicho limejaa maji.

Nikasema lina pengo.

Sijui ilitoka wapi. Ilitoka tu. Akasogeza pua mpaka kwenye kioo cha laptopu, akaona kivuli chenye kofia, akalia. Mzee mzima. Halafu akaniambia niandike jina la baba yake chini ya picha, dunia nzima ilione. Nikaandika. Herufi kwa herufi, kwa mikono yangu hii.

Nilijiambia ni huruma. Huruma gani? Mtu anataka kumwona baba yake kwa mara ya mwisho, mimi nimempa mume wa mtu nisiyemjua.

Jumatano, 8 Februari

Nilijua yatanifika, lakini si upesi hivi.

Nilipofungua ule ukurasa, chini ya maandishi yangu kuna jibu. Mwanamke wa Amerika. Anasema kwa adabu kwamba yule ni babu yake yeye, jina lake kalitaja, picha hiyohiyo wanayo nyumbani, na masikio yake yalikuwa mazima yote mawili. Anauliza mimi nimejuaje.

Mzee akaniomba nimsomee kama kuna mtu kaandika. Nikamwambia hakuna.

Uongo wa pili. Akatabasamu, akasema watakuja tu, mtandao mkubwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Papo hapo akatokea Barasa, supavaiza wetu, Mkenya wa Bungoma. Hana ubaya ila mdomo. “Zuhura, hiyo laptopu ni ya nani? Wacha mchezo kazini, bana! Nikikuta hiyo kitu hapa tena naandika barua.” Mzee akajaribu kunitetea. Barasa akamwitikia yes sir, yes sir, kisha akanikodolea macho. Mzee akakunja kiti akaondoka. Aliniaga kama mtu mwenye furaha. Hilo ndilo lililoniuma.

Adhuhuri nimeswali na sikupata utulivu. Nilikuwa nasimama na kuinama tu.

Jioni, bwenini. Moyo unanidunda, mwandiko huu nitausoma kwa shida.

Nilikuwa navua shati la kazi. Kampuni inatugawia wote mashati ya kiume, wanawake hatuna yetu. Vidole vikatafuta vifungo upande wa kiume, vimeshazoea. Nikamkumbuka yule kijana wa sweta. Nikakaa kitandani nguo nusu. Mwanamume gani wa zamani zile anafunga sweta kike? Hakuna. Labda si sweta lililokosea upande. Labda ni picha. Zilipigwa kwenye vioo! Kioo kina pande mbili, mtu akikigeuza wakati wa kunakili, kila kitu kinahama. Sikio la kushoto linakwenda kulia. Mashoto anakuwa mtu wa kulia. Na ile T, hata uigeuze vipi, ni T tu.

Nimekimbia intaneti kafe nyuma ya soko, ushungi hata sijabana. 4417. Nimeichapisha, ukubwa wa karatasi nzima. Kwenye uzio nyuma ya kijana kuna ubao wenye maandishi madogo yasiyosomeka. Nimerudi nayo kwenye kioo cha bafuni, wenzangu wanagonga mlango nitoke.

Yakasomeka. Tangazo la sabuni.

Na sikio lenye pengo likawa la kushoto.

Alhamisi, 9 Februari

Mzee na Madam walitoka saa kumi na mbili na nusu. Gari linalotoka hatulikagui, tunafungua tu. Mimi nikasimama mbele ya gari.

Madam Carol akashusha kioo, akaniuliza kuna nini, wanachelewa hospitali. Nikazunguka upande wa Mzee. Kiingereza changu chote kilinikimbia, nikabaki na maneno matatu manne. Nilikudanganya. Yule wa juzi si baba yako. Sikio sikuliona. Na mwanamke kaandika, nikakuficha.

Madam akanikaripia, na ilikuwa stahiki yangu.

Nikatoa karatasi. Nilikuwa na kioo kidogo cha mkoba, nikakiinua, Mzee akatikisa kichwa. Kwa jicho lile haoni kitu cha udogo huo. Barasa anakuja mbio kutoka ofisini, “Zuhura, fungua geti, unafanya nini!” Na kile kioo cha fimbo kimeegemea ukuta palepale. Nimekishika miaka miwili, sikukifikiria mpaka dakika ile!

Nikafungua mlango wa gari, nikakilaza magotini kwa Mzee, nikashika picha juu yake, uso chini. Akainama. Pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, nikafuta kwa ncha ya ushungi. Akainama tena. Barasa akafika, akatazama.

Mzee akapandisha kidole kwenye sikio lake mwenyewe, la kushoto, akapapasa juu, pale ambapo pengo lingekuwa.

“Kumbe alikuwa mtoto hivi,” akasema.

Madam Carol akafuta machozi akawasha gari. Mzee alichukua picha, akaniachia kioo. Nikafungua geti.

Barua ya onyo nimetia sahihi saa tano. Barasa aliiandika kwa Kiingereza cha heshima sana.

Ijumaa, 10 Februari

Mapumziko. Hakuna habari. Nimefua kila kitu, hata visivyo vichafu.

Jumapili, 12 Februari

Jicho halikupona.

Alikuja saa nne, Madam kamshika mkono, kiti kwapani. Madam alishazungumza na Barasa: nusu saa, na laptopu anaishika mwenyewe Madam. Barasa akajifanya anahesabu koni za barabarani.

Mzee akanitaka nifute jina la baba yake pale nilipoandika. Nikafuta. Nikamwomba radhi yule mwanamke kwa maandishi. Halafu tukaenda 4417, nikaandika: Edwin, mashoto. Picha imegeuzwa, tazameni vifungo.

Akaniambia nimsomee yote. Nikasoma yote, na ya yule mwanamke pia, na pale aliponiuliza nimejuaje. Mzee alisikiliza uso umeelekea barabarani. Akasema mwanamke ana haki.

Nikamuuliza kama nimsimulie na picha yenyewe, kofia, sweta, namna alivyosimama. Akakataa. Akasema hiyo ameshaiona.

Tukanywa chai ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki. Gari la maji likaja, nikachukua kioo.