Kwa Nini Sisi ni Akina Guyo

Mjukuu wangu Rehema,

Hapa Garsen hatujambo, na nyanya yako ameshavuna mpunga. Umeuliza kwa nini sisi Wapokomo tuna jina la Kiorma. Nilipozaliwa mama alikosa maziwa, na mfugaji mmoja Mworma, Guyo, akatuletea ya ng'ombe wake kila asubuhi. Baba akanipa jina lake.

Miaka ya hamsini, nikiwa kijana shuleni, mzee huyo alikuja kuniulizia. Wenzangu walilicheka jina hilo la wafugaji. Nikaona haya, nikamwambia, "Hapa hakuna Guyo. Mimi ni Yohana."

"Basi nimekosea, mwanangu," akasema, akaenda zake.

Nilipokwenda kumwomba radhi, alikuwa ameshazikwa. Baba yako alipobatizwa nililitaja jina la Guyo kanisani kwa sauti liwe la ukoo wetu, lakini mzee mwenyewe hakuwepo kulisikia.

Ni mimi babu yako.