Samahani Isiyo na Pole

Ugonile, mjukuu wangu Tusa? Sisi huku Kisondela hatujambo, ndizi zimekubali. Umeniuliza kama ni ujinga kuiambia asante kompyuta inayoongea.

Simu za mkononi zilipoingia Tukuyu, niliazima ya muuza duka wa Msasani ya hukohuko Tukuyu nimpigie kaka yangu Dar. Akapokea mwanamke mpole: "Samahani, unayempigia hapatikani."

Nikapiga magoti palepale, tunavyosalimia wakubwa. "Shikamoo, mama. Mwambie kaka, baba amefariki."

Akarudia samahani yake vilevile. Hata pole hakunipa!

"Dada, hiyo ni mashine," alisema muuza duka. Akachuchumaa kando yangu. "Pole sana."

Iambie tu asante, usipoteze adabu yako. Ila likikupata la kukuliza, nipigie mimi.

Bibi yako