Hekima ya Jumatatu

Jumatatu, 6 Machi 2006

Jam tena Waiyaki Way. Nimefika ofisini Westlands hekima imeshaanza. Kila Jumatatu kabla ya chai ni hivyo: mfanyakazi mmoja anasimama chini ya picha ya yule waziri mkuu wa Waingereza wa wakati wa vita, mzee wa sigara nene. Anasoma msemo wake mmoja, kisha anaeleza utatusaidiaje kuuza bima. Leo ulikuwa wa kuchekesha. Bosi, Bwana Ndirangu, alicheka kabla haujafika mwisho. Sisi tukacheka baada ya bosi. Wiki ijayo zamu yangu. Nimepewa karatasi: mambo ya kutosalimu amri. Sawa tu. Nisome nimalize.

Jumatano, 8 Machi

Bosi ameniita. Mkataba wangu unaisha mwezi huu na bado hajaamua. Ati ataangalia nitakavyosoma Jumatatu. Ati nisome kwa moyo. Nikajibu, sawa sir. Nimejichukia njia nzima mpaka nyumbani Mountain View.

Jumamosi, 11 Machi

Kinoo kwa mama. Tunamenya viazi, nikaanza mazoezi kwa sauti, nikimtafsiria. Akauliza ni maneno ya nani. Nikamwambia. Kisu kikasimama.

Kumbe huyo ndiye alikuwa mkubwa wao huko Ulaya Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, ilipopamba moto. Mama alikuwa msichana. Walichomewa nyumba, wakafungiwa kwenye kijiji cha waya wa senyenge, wakachimbishwa handaki kukizunguka. Siku moja ofisa mzungu akamsimamisha mbele ya wote, akamuuliza nani anawalisha watu wa msituni.

"Yule yule anayelisha ndovu," mama akajibu.

Hakuna aliyecheka. Walitamani, lakini nani angethubutu? Kitako cha bunduki kikamtoa meno mawili ya mbele. Sisi miaka yote alituambia ni muwa. Ndiyo maana akicheka huziba mdomo kwa leso. Nimelia kwa hasira. Karatasi nikataka kuitia motoni, akanizuia.

"Mimi maneno yalining'oa meno, Wambui. Wewe soma, ubaki na yako."

Jumapili, 12 Machi

Kanisani sikusikia mahubiri. Kodi ya nyumba inaningoja. Kazi siku hizi haziokotwi barabarani. Nitasoma.

Sisomi.

Jumatatu, 13 Machi

Sikusoma. Nimesimama chini ya picha, karatasi nimeiacha kwa meza yangu. Nikasema hekima ya leo ni ya mama yangu wa Kinoo, nayo ni ya wakati wa vita, ila vita vyetu. Nikawapa handaki, swali la ofisa, jibu la mama. Halafu Wafula, dereva, akaangua kicheko, akapiga meza kwa kiganja, na ofisi nzima ikamfuata. Hakuna aliyemtazama bosi kwanza.

Nikawaambia na habari ya meno. Kicheko kikaisha.

Bosi hakuwa amecheka. Akauliza hiyo inauza bima vipi. Nikamwambia haiuzi, si kila kitu ni cha kuuza. Haki sijui hiyo niliitoa wapi! Kufikia lunch ameshaamua: mkataba hautaongezwa. Sawa. Naogopa, tena sana. Lakini sijutii hata kidogo, na akitaka nirudie kesho nitarudia, tena kwa sauti.

Jumanne, 14 Machi

Bado niko kazini mpaka mwisho wa mwezi. Picha bado iko ukutani. Nimeitazama macho kwa macho, yeye na sigara yake. Wafula ameniletea ndizi za kwao Bungoma.

Jumamosi, 18 Machi

Kinoo. Mvua imeanza. Nimemwambia mama yote, hata kazi kuisha. Hakunihurumia. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Walicheka?"

"Walicheka, mama. Wote."

Akaangalia mvua. Kisha naye akacheka, akacheka mpaka machozi, leso iko begani na mdomo wazi. Viazi vikaungua jikoni. Tumevila hivyo hivyo.