Alama Waliyosema Sio ya Kidoleni

Mama yangu,

yule daktari kanisimamisha tena jana, mlangoni pa wodi ya wanawake. Nilikuwa napita tu, kama ninavyopita kila Alhamisi, kuangalia kama bado wanakutafuta.

"Mdogo wangu, mama yuko wapi?"

"Kasafiri."

"Kila wiki kasafiri. Na unavyoniangalia, utafikiri mimi ni uhamiaji."

Miye si msemaji. Unanijua. Nilikuwa namwangalia miguuni, maana wale wa uhamiaji wanavaa viatu vya kung'aa. Yeye kavaa kandambili. Bado sikumwamini.

Akatoa karatasi, akasema majibu ya kile kinyama walichokukata yamerudi.

Mama, unakumbuka kule kambini kwa wakimbizi, foleni ya posho? Uso wako umejaa kama mwezi, miguu imebaki vijiti. Mama Sifa, jirani yetu, akasema kwa sauti watu wote wasikie: "Sisi tunakonda kwa unga huu huu, mwenzetu anaota mashavu. Anapikia wapi?" Wewe ukamjibu, "Njoo uchungulie sufuria, shoga." Watu wakacheka. Lakini tulipofika ndani ulivuta kitenge usoni, ukaniuliza, "Nimebadilika sana?" Nikasema hapana.

Nilidanganya. Tena kuna kingine sijawahi kukuambia. Hata miye nilikushuku. Nilifunga lile gunia la unga kwa fundo langu mwenyewe, nione kama unalifungua nikitoka. Wiki mbili fundo halikuguswa, na wewe unazidi kuvimba. Nisamehe.

Kumbe ni ile tezi inayokaa juu ya figo, imeota uvimbe, inamwaga dawa yake mwilini kupita kiasi. Hospitali wakaukata. Wewe ukaanza kupata nafuu. Halafu siku ile wanapita vitandani, daktari akasema: "Tumekipeleka kinyama kikawekwe alama, tujue."

Niliona mkono wako ukiingia chini ya shuka. Ukaninong'oneza sikioni: "Wanataka kututia alama tena." Maana ile mara ya kwanza tulichovya vidole kwenye wino, haikupita wiki likaja tangazo la kuturudisha nchini kwetu. Kesho yake baada ya hilo neno la daktari tulikuwa bandarini Kibirizi, mshono haujakauka, nakupandisha boti katikati ya magunia matupu ya dagaa. Nikauliza unashukia wapi. Ukasema, "Usipojua, hawatakutoa neno."

Basi jana nikamuuliza daktari hilo neno. Alama gani?

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akakaa kwenye benchi. Akasema uvimbe mpole na uvimbe mkali wa hiyo tezi vinaweza kufanana, hata ukitazama kwa darubini. Ndio maana wanakata kipande chembamba, wanakitia dawa za rangi, kila moja inatafuta kitu chake. Moja inaonyesha kama nyama ni ya tezi yenyewe au imehamia kutoka kwingine. Nyingine inashika zile chembe zinazozaliana, zinageuka kahawia. Zikiwa chache, afadhali. Zikijaa, ni mkali. Na hawaamui kwa rangi moja, wanaangalia pia kama uvimbe umeingia kwenye mishipa.

"Kwa hiyo alama ni ya nyama," nikasema. "Sio ya mtu."

"Ya nyama tu. Mama alidhani nini?"

Sikumwambia. Nikaomba namba ya kwenye karatasi. Unajua siku kinyama kilipotiwa kwenye kichupa nilimsimamia nesi mpaka akakasirika, nikaiandika namba kiganjani, halafu kwenye daftari langu la Katubuka ninapolala. Nikaenda kulichukua, nikarudi. Namba ni ile ile, ni yako. Nikaomba na picha. Kahawia imejaa, mama. Hata miye wa darasa la tatu nimeiona.

Ni mkali. Ila daktari anasema waliutoa mzima, na ukirudi sasa wakupige picha tena na kukuanzishia dawa, kuna cha kufanya. Ukikaa huko, utaota kwingine. Na vile vidonge ulivyobeba kutoka hospitali usiviache ghafla, hata ukijisikia umepona, maana tezi iliyobaki bado imelala. Walikupa vya mwezi mmoja, vinaisha wiki hii.

Nimelala na hilo wazo kwamba wanakutega. Nimeligeuza kila upande. Mtu wa kukutega angesema umepona, rudi.

Barua hii inaenda na boti ya Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Nimemwambia nahodha aisome kwa sauti kila anapotia nanga, watu wajue, sioni haya tena. Wewe unayeisikia, kama umemwona mama wa uso wa duara mwenye mshono ubavuni, mwambie arudi hospitali.

Naacha kuandika. Boti ya kwenda Baraka, bandari nyingine ya ng'ambo, imeshawasha injini na naipanda, maana sijui ulishukia wapi. Mmoja wetu akukute, miye au karatasi.

Mwanao wa pili, yule asiyesema